Nduthi ya porini: Tustroki au fostroki? Soma kabla hujatoa pesa

Umewahi kusimama Kiserian Jumamosi asubuhi, chai mkononi, ukasikiliza pikipiki zikipanda kuelekea Kona Baridi? Kuna ile inayolia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe, riing-ding-ding-ding, moshi wa buluu ukiifuata nyuma kama mkia. Inapita. Baada ya dakika moja inakuja nyingine, sauti nzito, dududududu, haina moshi, haina haraka. Ya kwanza ni tustroki. Ya pili ni fostroki. Na kama umeanza kuweka pesa kando ununue nduthi ya kutoroka nayo mjini wikendi, hilo ndilo swali litakalokukosesha usingizi kabla hujafikia mambo ya rangi na helmeti ya kulingana nayo.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii nduthi ya stej. Pale mjadala uliisha kitambo: Boxer, TVS, Honda, zote ni fostroki na hakuna msee wa boda atakayekubali kuchanganya oili kwenye petroli kila asubuhi huku wateja wanapita. Nazungumzia pikipiki ya kuchafuka: vijia vya mawe nyuma ya milima ya Ngong, vumbi la Kajiado, ule udongo mweusi wa Kitengela ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Huko ndiko injini hizi mbili bado zinapigania mioyo ya watu, na huko ndiko nilipoteza injini yangu ya kwanza. Nitafika hapo.

Tuanze na tofauti yenyewe, kwa sababu wengi hutaja majina haya na hawajui yanamaanisha nini. Injini ya petroli ina kazi nne: kuvuta hewa na mafuta, kubana, kulipua, kutoa moshi. Fostroki huzifanya moja baada ya nyingine, pistoni ikipanda na kushuka mara mbili, yaani kranki inazunguka raundi mbili ndipo upate mlipuko mmoja. Tustroki haina subira hiyo. Inazibana kazi zote nne kwenye raundi moja tu. Kila pistoni ikishuka, imesukumwa na moto. Ndiyo maana tustroki ya 125cc inaweza kukimbizana na fostroki ya cc karibu mara mbili, na ndiyo maana sheria za mbio za motokrosi huweka tustroki ya 250cc uwanja mmoja na fostroki ya 450cc.

Tena tustroki haina valvu, haina kamshafti, haina cheni ya taiming. Ukifungua kichwa cha silinda unakuta pistoni na mashimo ukutani, basi. Fundi akikuonyesha mara ya kwanza unaweza kudhani kuna vitu vimeibwa.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana yote mengine yanatoka hapa. Kwenye fostroki, oili hukaa chini ya injini kwenye bakuli lake, inazungushwa, inarudi. Kwenye tustroki hiyo sehemu ya chini ndiyo njia ya kupitishia petroli na hewa ikielekea kwenye silinda. Haiwezi kuwa dimbwi la oili. Kwa hivyo oili inasafiri pamoja na petroli, inalainisha ikipita, halafu inachomeka. Moshi ule wa buluu ni oili yako inayoaga. Maana yake ni kwamba tustroki inapata oili tu pale inapopata petroli. Kumbuka hiyo sentensi, tutaihitaji tukifika Magadi.

Kama ulikulia mashambani labda umewahi kuona tustroki bila kujua. Yamaha AG100, ile yenye kerio mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa yote, na stendi kila upande, ilikuwa pikipiki ya maafisa wa kilimo, wa mifugo na wa mashirika kwa miaka mingi. DT125 na DT175 pia. Suzuki TF125 vilevile. Zilitengenezwa zikae mbali na gereji. Ukiziona leo mtaani zinauzwa kwa bei ambayo kijana asiye na payslip anaweza kuiota, mara nyingi ni hizo hizo zilizostaafu pamoja na wenyewe.

Na kule juu kwa wenye pesa zao, tustroki haijafa. KTM bado wanatengeneza 250 na 300 za enduro, na tangu modeli za 2018 wamekuwa wakiziwekea mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Tatizo ni kwamba ukitaja bei yake mbele ya mamako utaambiwa uende ukalale. Kwa hivyo wengi wetu tunachagua kati ya DT ya zamani upande mmoja na, upande wa pili, fostroki ya kawaida: Honda XR150L, Yamaha XTZ125, au hata Boxer iliyovalishwa tairi za vibonge. Usicheke. Nimeona Boxer ikipita mahali ambapo KTM ilikuwa imelala chali.

Njiani zinahisi vipi? Tustroki ni nyepesi mkononi. KTM za tustroki za enduro zina karibu kilo 100 bila petroli, ilhali Honda CRF250L, fostroki ya barabarani na porini, inapita kilo 140. Si haki kulinganisha hizo mbili moja kwa moja, moja ni ya mashindano, lakini ukiiangusha mara ya sita kwenye mawe na jua linawaka utaelewa ninachosema. Kila kilo unaiokota wewe mwenyewe.

Halafu kuna ule mpigo. Tustroki ya kabureta, hasa za zamani zilizotengenezewa mwendo, chini haina kitu. Unafungua mafuta, inanung'unika, inanung'unika, halafu ghafla inaamka kama imechokozwa na mikono inataka kuachia usukani. Siri iko kwenye lile bomba nono la egzosi lenye tumbo. Si urembo. Wimbi la sauti linatoka, linagonga mwisho wa tumbo, linarudi na kuirudisha ndani ya silinda petroli iliyokuwa inatoroka, lakini linafika kwa wakati ufaao kwenye kasi fulani tu ya injini. Chini ya kasi hiyo, halisaidii kitu.

Aliyeifanyia kazi kubwa hesabu hiyo ni Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya MZ kule Ujerumani Mashariki. Mwaka wa 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, familia yake ikiwa imefichwa ndani ya gari na kuvushwa wikendi hiyohiyo, akaingia Suzuki na siri zote kichwani. Mwaka uliofuata Suzuki wakachukua taji lao la kwanza la dunia, daraja la 50cc, Degner akiwa kwenye kiti. Yaani ile sauti ya nyuki unayoisikia Kiserian ilivuka mpaka wa vita baridi ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mimi hadithi hiyo huniliwaza nikiwa napiga kiki mara ya ishirini.

Fostroki haina drama hizo. Nguvu inaanza chini na kupanda polepole, tairi la nyuma linashika badala ya kuchimba. Kwenye tope la Kitengela, kwenye kupanda mlima kwa gia ya pili bila kugusa klachi, fostroki inakubeba kama mtoto. Tustroki inataka uwe unaongea na klachi muda wote, kidole kimoja, acha, shika, acha. Ukizoea ni raha ya ajabu. Usipozoea unachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Na kuna kushuka. Ukiachia mafuta kwenye fostroki, injini yenyewe inakuwa breki. Unaweka gia ya kwanza na unateremka kama mzee anayeshuka ngazi. Tustroki ukiachia mafuta inateleza tu, kana kwamba umetoa gia. Breki zako zinafanya kazi yote. Mwanzoni hilo linatisha, na watu wengi wapya huanguka hapo, si pale kwenye mwendo kasi wanakodhani.

Sasa twende Magadi.

Nilikuwa nimenunua DT125 kuukuu kwa Sh80,000. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa karo ya semista ambayo sikurudi chuoni kuisoma, na nyumbani hawakuwa wamejua bado, kwa hivyo hiyo nduthi haikuwa na ruhusa ya kuharibika. Zilipotoka kiwandani, DT zilikuwa na tangi dogo la oili na pampu ya kuichanganya yenyewe. Yangu pampu ilikuwa imetolewa na mwenyewe wa zamani. "Hiyo huleta shida tu, changanya kwa mkono," aliniambia, na mimi nikaitikia kama mtu anayeelewa.

Tulitoka wawili. Mwenzangu alikuwa na fostroki ya 150cc, mpya kidogo, na nilikuwa nimemcheka njia nzima kutoka Rongai kwa sababu nilikuwa namwacha kila kona. Petroli tulijaza Kiserian. Oili nikamimina kwa macho, kutoka kwenye chupa ya soda, mhudumu wa kituo akinitazama. "Inatosha hiyo, kaka?" Nikamwambia inatosha.

Kutoka Kona Baridi barabara inaanguka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi liko karibu mita 600. Yaani kwa kilomita kadhaa unashuka, unashuka, upepo baridi unageuka upepo wa jiko, na mbele yako Bonde la Ufa limetandazwa lote. Ni kuzuri kiasi cha kukufanya mjinga. Nilizima kelele, nikaachia mafuta, nikaacha nduthi iteleze gia ya tano, mkono mmoja kwenye paja. Kilomita baada ya kilomita.

Unakumbuka ile sentensi? Tustroki inapata oili pale tu inapopata petroli. Mafuta yakiwa yamefungwa na magurudumu bado yanaizungusha injini kwa kasi, pistoni inapanda na kushuka karibu kavu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa ile oili ya kukadiria kwa macho. La tatu sikulijua kabisa, na ndilo ambalo hakuna anayekwambia unaponunua.

Kabureta haijui kufikiri. Imewekewa jeti, kitundu cha saizi fulani, na kinatoa petroli kulingana na hewa ya mahali ilipopimwa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Fundi mzuri wa Nairobi huipa jeti ndogo ili iende sawa na hewa hiyo nyepesi. Halafu wewe unashuka Magadi, hewa inakuwa nzito, inaingia nyingi zaidi, petroli inabaki karibu ileile. Mchanganyiko unakuwa hafifu. Mchanganyiko hafifu unachoma moto zaidi. Na petroli yenyewe ndiyo ilikuwa inaipoza pistoni. Ongeza joto la nje linalopita nyuzi 35. Jeti ileile inayokufanya uwe shujaa Ngong ndiyo inayokuua Magadi.

Tulipofika kwenye tambarare baada ya Olorgesailie nikafungua mafuta yote nimwache mwenzangu tena. Ilienda vizuri pengine dakika tano. Kisha nikasikia nguvu ikipungua kama mtu ameshika nyuma, sauti ikawa nyembamba, na kabla sijaelewa tairi la nyuma likafunga. Nduthi ikaanza kuyumba. Kilichoniokoa ni kidole: kilikuwa kwenye klachi kwa bahati, nikabana, tairi likaachia, nikatoka barabarani hadi kwenye mchanga na nikasimama wima. Kama lori lingekuwa nyuma yangu nisingekuwa naandika.

Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi alikuja taratibu, akaizunguka nduthi.

"Kijana, imekufa?"

"Imeshika, mzee."

"Na ya mwenzako?"

Ya mwenzangu ilikuwa pale kando, inalia dududu, haina habari. Hata yeye hewa ilikuwa imembadilikia, lakini oili yake ilikuwa ndani ya bakuli lake, haijali mafuta yamefunguliwa au yamefungwa. Mzee akatuonyesha mti wa kukaa chini yake. Saa mbili baadaye tulipata pikapu ya kubeba mbuzi, Sh4,000 hadi Kiserian, mimi nyuma na mbuzi sita. Sikumcheka mtu njiani.

Fundi alipofungua alinionyesha pistoni: mistari mirefu ya kukwaruzwa upande wa egzosi, ringi zimeshikana na chuma. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Jifunze hilo, ni bure: plagi ya rangi ya kahawa yenye maziwa ni afya, nyeusi yenye unyevu ina mafuta mengi, nyeupe ni onyo, na yangu ilikuwa imenionya huku mimi natazama mandhari.

Lakini ngoja, kwa sababu hapa ndipo tustroki inakurudishia heshima. Silinda ilienda kuchongwa upya kwa mtu wa mashine, pistoni ya saizi kubwa zaidi na ringi zake tukazitafuta Kirinyaga Road, na siku ya tatu nduthi ilikuwa inalia. Nusu ya kazi nilifanya mwenyewe, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kama ingekuwa fostroki ya mashindano, zile za 250 na 450 zinazozunguka kwa kasi ya ajabu, na valvu ikavunjika na kuangukia pistoni, ningeuza nduthi kipande kwa kipande. Watu hukosea hapa. Husema "fostroki haiharibiki." Fostroki ya kazi, ile ya XR150L au Boxer, kweli hudumu, ukibadilisha oili kwa wakati inakula kilomita makumi ya elfu bila kuguswa. Fostroki ya mbio ni mnyama mwingine. Oili yake ni kidogo, inataka kubadilishwa kwa saa za kuendesha wala si kwa kilomita, na siku ikidai matengenezo inadai yote pamoja. Ukiona tangazo la fostroki ya motokrosi "safi kabisa, bei ya kutupa," jiulize kwa nini anaitupa.

Kwa hivyo nifanye nini basi, unaniuliza. Kama una pesa moja tu, hii ndiyo nduthi yako ya kwanza, na Jumatatu huenda ukahitaji kuipanda kwenda kibaruani: chukua fostroki ya kawaida. Sioni aibu kusema hivyo ingawa mimi ni mtu wa tustroki. Inakunywa petroli kidogo, kwa sababu tustroki ya kabureta hupoteza sehemu ya petroli kupitia egzosi kabla haijachomeka, na barabara kama ya Magadi haina vituo kila kona. Spea za Boxer ziko kila soko. Inakusamehe unaposahau. Tena haiwafukizi majirani. Mji kama Dhaka, Bangladesh, uliziondoa tuktuk za tustroki barabarani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya moshi, na watu wakapumua. Ukiishi kwenye ploti yenye milango kumi na miwili, mama wa mlango wa tatu ana watoto na nguo zimeanikwa, hiyo si hoja ndogo.

Tustroki mchukue kama unapenda kushika spana, kama njia zako ni mawe na miteremko mikali ya Ngong ambako wepesi ni uhai, na kama uko tayari kuijua. Narudia, kuijua. Hesabu si ngumu. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita tano, mililita 100. Wa 40 kwa 1 ni mililita 25 kwa lita. Kitabu cha nduthi yako kitasema inataka upi, na oili iwe ile ya tustroki, si hii ya gari iliyobaki gereji. Na usidanganyike kuwa ukizidisha oili uko salama zaidi. Oili ikichukua nafasi ya petroli kwenye kile kitundu, mchanganyiko unazidi kuwa hafifu. Kwenye mteremko mrefu, bana klachi kila baada ya muda mfupi na uipige mafuta kidogo, vruum, iache, ili pistoni ipate kunywa. Wanaokuona watadhani unajigamba. Wache.

Ukienda kuitazama ya mtumba, fika kabla haijawashwa. Muuzaji akikwambia "nimeipasha moto ndiyo isikusumbue," shika injini. Kama ni ya moto, kuna kitu baridi anakificha. Piga kiki kwa mkono: tustroki yenye afya inakupinga. Ikishuka laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, ringi zimekwisha. Moshi wa buluu kidogo ni kawaida kwake, lakini moshi mzito usioisha hata ikiwa imepata moto, huku oili ya gia ikipungua, unamaanisha sili ya kranki imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Uliza pampu ya oili iko au iliondolewa. Kwa fostroki, geuza kila kitu nilichosema kuhusu moshi: buluu hapo ni ugonjwa, si tabia. Sikiliza cheni ya taiming ikichakacha, chomoa kijiti uone oili kama ni nyeusi nzito.

Na logibuku. Hizi DT na AG nyingi zilikuwa za ofisi, zikauzwa mnadani, zikapita mikono minne, na karatasi zikabaki kwenye droo ya mtu aliyehamia Kitale. Linganisha nambari ya chesisi na karatasi, hakikisha uhamisho unafanyika NTSA mbele yako, ndipo utume pesa. Ile ya mashindano isiyo na taa wala nambari ya usajili haikanyagi lami, hiyo unaibeba kwa pikapu, kwa hivyo ongeza gharama ya pikapu kwenye ndoto yako.

Mimi bado nina ileile DT. Nyumbani walishajua, kwanza habari ya chuo kisha ya nduthi, kwa mpangilio huo, na baba aliuliza swali moja tu: ina breki? Sasa mfukoni nabeba jeti kubwa kidogo iliyofungwa kwa karatasi, na bisibisi. Nikifika chini nasimama kabla ya tambarare, nabadilisha, dakika kumi na tano, mwenzangu akinisubiri na fostroki yake, na safari hii yeye ndiye anayecheka.

Jumamosi tunashuka tena. Tunakutana Kiserian saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakuwa jua. Beba maji lita tatu, glavu, na tyubu ya akiba. Kama ni tustroki, chupa yako ya oili iwe na alama za mililita.